Kigoda Nje ya Mlango

Bibi yangu alidhani nimempa mimba mtoto wa watu halafu namfungia nje.

Alinisubiri nimalize kazi. Nilipotoka chumbani na hedifoni shingoni, akanitazama huku anamenya muhogo bila hata kuangalia kisu.

"Mume wangu, huyo mke mwenzangu utamsimamisha nje mpaka lini?"

Bibi Mwanamkuu ananiita mume wangu tangu nizaliwe. Ndio utani wetu, na mimi humjibu kwamba nikitajirika nitaoa wa pili, mwenye meno. Lakini siku hiyo kisu kilikuwa kinapita kwenye muhogo kwa hasira.

"Mke mwenza gani tena?"

"Usinifanye mtoto. Nimekusikia. 'Hatujakukatalia, tumekuambia usubiri nje.' Sauti kavu, utadhani karani. Mtu anakubishia hodi magharibi hii, unamjibu hivyo? Nani alikulea?"

"Wewe."

"Mimi sikukulea hivyo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku zile nilikuwa bado nacheka vizuri.

Nieleze kazi yangu, maana hata mjomba Mfaume anaamini mimi ni tapeli wa mtandaoni. Mimi ni mkalimani wa simu. Nilimaliza kidato cha sita na matokeo ambayo mjomba aliyasoma mara mbili, kisha akaniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Kilichoniokoa ni Kiingereza. Dada mmoja anaitwa Elinipa ana ofisi ya chumba kimoja Kibaha, juu ya duka la vipuri, na kutoka pale anawaunganisha watu wa duniani wasioelewana. Mtu yuko mahakamani huko mbali, Kiswahili ndicho anachokijua, jaji hakijui. Wanapiga kwa Elinipa, Elinipa ananipigia mimi.

Chumba changu nimepanga Mbwawa, hukohuko Kibaha, lakini jirani yangu ni fundi mageti, na jaji mmoja aliposikia mashine yake ya kukatia chuma aliuliza kama mkalimani yuko salama. Tangu hapo, siku za mahakama napanda pikipiki mpaka Kisarawe kwa bibi. Nyumba iko kilimani, mtandao unakaa vizuri, na kelele ni mbili tu: bibi, na jogoo wake anayeitwa Diwani kwa sababu anaongea sana akiona chakula.

Masharti ya Elinipa ni mafupi. "Wewe ni bomba, Pazi. Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Bomba halionji." Kila neno linalosikika kwenye laini lazima ulitafsiri, liwe la nani. Huongezi, hupunguzi, husalimiani na mtu, na yaliyosemwa kwenye laini huyatoi nje. Halafu unakuwa yule anayesema. Mwanamke akisema "nilikimbia", na mimi kwa Kiingereza nasema nilikimbia. Mwanasheria akimjibu kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili nakuwa mwanasheria.

Sasa bibi Kiingereza chake kinaishia kwenye "gudi moningi", na sauti za kwenye hedifoni hazisikii. Kwa hiyo katika kesi nzima, ukumbini kwake alikuwa anasikia upande mmoja tu, tena kwa sauti yangu: upande wa wanaozuia.

*

Yule mwanamke nitamwita Apendeki. Silo jina lake. Nchi aliyoiomba hifadhi siitaji, kiapo hakiruhusu. Jua tu ni ile nchi ambayo binamu zangu wote wangehamia kesho asubuhi. Yeye alitoka Kongo ya mashariki, akapita nchi ambazo nyingine hata majina yake hakuyajua, mpaka akafika kwenye daraja, na binti yake Sifa wa miaka mitano. Akavuka. Akaomba hifadhi.

Hawakumkatalia. Walimpa karatasi yenye tarehe ya kesi, wakamgeuza, wakamrudisha ng'ambo ya daraja, kwenye nchi jirani ambayo si kwao na lugha yake haijui. Subiri huko, tutakuita. Ndiyo maana alikuwa anahudhuria kesi kwa simu, kutoka kwenye nyumba ya masista waliompa godoro.

Mbele ya jaji hakukuwa bado na swali la kama hadithi yake ni ya kweli. Swali lilikuwa moja: je, ni halali kumsubirisha nje?

"Mheshimiwa, hatujamkatalia," alisema mwanasheria wa serikali, mtu mpole, sauti ya mtu anayekunywa maji mengi. "Kesi yake ipo. Sheria inaturuhusu, kwa aliyefika kwa miguu kutoka nchi jirani, kumrudisha akasubiri hukohuko."

"Sheria hiyohiyo inakataza kumpeleka mtu mahali atakapodhurika," alisema wakili wa Apendeki, mwanamama wa haraka haraka ambaye alikuwa ananitoa jasho. "Nani alimuuliza kama anaogopa kurudi ng'ambo?"

"Hakusema kwamba anaogopa."

"Angesema kwa lugha gani? Darajani walimwekea mkalimani wa Kifaransa. Kifaransa hakijui."

Jaji, mwanamke, akamgeukia Apendeki. Mimi nikawa jaji. "Kama ungeulizwa siku ile, ungejibu nini?"

"Ningesema ndiyo, naogopa," akajibu, kwa Kiswahili chao kile cha kwao. "Lakini batu bakubwa hivi, miye nilizani banajua."

Akaeleza anachokiogopa. Kuna gari jeupe, halina namba, linasimama mkabala na geti la masista. Banamama babili walishachukuliwa nalo, wale wanaosubiri kama yeye, kwa kuwa kila mtu mjini anajua wanaosubiri hawana wa kuwaulizia. Yeye na Sifa wanalala na viatu miguuni.

"Miye sikatai kungoja," akasema. "Kungoja najua sana. Nauliza tu, ninangojea fasi gani?"

Nikaitafsiri hiyo, fasi yao ikiwa ni mahali, nikiwa nimetazama ukuta wa chumba cha bibi, palipotundikwa kalenda ya duka la mbolea.

Hapo ndipo Diwani alipoamua kuchangia hoja. Aliwika chini ya dirisha kwa nguvu zake zote.

"Ee! Kuko jogoo!" Apendeki akashtuka kwa furaha. "Yaya, weye uko wapi?"

Yaya, kwao, ni kaka; alikuwa ananiita mimi, na sikutakiwa kujibu. Na kabla sijajua la kufanya, bibi akapaza sauti kutoka uani, "Mume wanguuu! Chai inapoa!"

Kisha jaji: "Mkalimani, hiyo sauti imesema nini?"

Sharti ni sharti. Nikatafsiri, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba sauti imesema mume wangu, chai inapoa. Nikaeleza kwamba ni bibi yake mkalimani. Nikasikia mahakama nzima ya bara jingine inacheka, hata yule mwanasheria mpole. Lakini aliyecheka zaidi ni Apendeki. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mumusalimie huyo mama," akasema. "Mumwambie Mama Sifa anamusalimia sana."

Hilo nalo nikalitafsiri. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama. Salamu ikavuka bahari, ikafika kwa jaji, ikapigwa chapa, lakini kutoka chumbani mpaka uani, hatua chache tu, haikufika. Yaliyosemwa kwenye laini hayatoki.

Nikatoka, nikakuta kisu na muhogo.

*

"Ni kazi, bibi. Ya mahakama. Ni siri."

"Mahakama iko chumbani kwangu?"

"Iko kwenye simu."

"Na Apendeki ni nani? Maana umemtaja."

"Bibi, naomba tuache."

Akaacha kwa muda wa kumenya muhogo mmoja.

"Nikuambie kitu," akasema. "Mtu akibisha hodi, usipotaka mgeni, unanyamaza. Atasimama, atakohoa, ataona hapa hakuna mtu, ataenda zake kwa wengine. Hiyo ni haki yako, nyumba yako. Lakini wewe umemjibu. Umemwambia subiri. Ukishamjibu ni mgeni wako, hata kama hajaingia. Akiliwa na fisi hapo nje, ameliwa kwako."

"Fisi wameisha Kisarawe, bibi."

"Nani kakwambia?"

Jioni hiyo alitoa kigoda chake cha kukalia jikoni, akakiweka nje ya mlango wa mbele, na kando yake kikombe cha maji kilichofunikwa na kisahani. Nikamtania kwamba mke mwenza amepata kiti kabla ya mahari. Hakucheka. Alikigeuza kigoda kikatazama barabarani, ili anayekalia aone anayekuja.

Asubuhi kilikuwa kimetazama mlango.

Kuku, nikasema. Na maji yaliyopungua, kuku. Kisahani kilichorudishwa juu ya kikombe sikukisemea kitu, nikawasha pikipiki nikarudi Kibaha.

Nilimweleza Elinipa kwa mzaha, nikimpa kigoda na fisi tu, kesi nikaiacha. Alikuwa anakula mihogo ya kukaanga na pilipili, miguu juu ya meza.

"Bibi yako ana akili kuliko hao mawakili," akasema. "Lakini usije ukathubutu, Pazi. Nakujua mdomo wako. Usije ukamwambia jaji mambo ya fisi."

"Bomba halionji."

"Haya, bomba. Na ukiguswa na kesi, niambie nimpe mkalimani mwenzako Kidawa."

Nilisema sijaguswa. Lakini jioni ile Mbwawa, fundi mageti alipozima mashine yake, nilisikia mtu anakohoa nje ya mlango wangu. Kikohozi kile cha kistaarabu, cha mtu anayetaka ajulikane kabla hajasema hodi. Nilifungua. Barabara ilikuwa na vumbi la bodaboda lililokuwa linatua, na mbuzi wa mwenye nyumba, ambaye hakuwa na sura ya kukohoa.

*

Kwenye kikao kilichofuata Apendeki alizungumza kidogo. Gari jeupe sasa lilikuwa linakuja mchana. Masista walikuwa wameomba watu wa mjini walifukuze, wakaambiwa barabara ni ya wote.

Wakili wake aliomba aingizwe mara moja wakati uamuzi unaandikwa. Mwanasheria mpole akapinga, kwa upole. Mheshimiwa, tukimwingiza huyu kabla ya uamuzi, tumeshaamua. Nikamtafsiria Apendeki hayo, kwa sauti yangu, na nikasikia bibi ukumbini anasonya.

"Kwa hiyo ningoje?" Apendeki akauliza.

Jaji akasema, na mimi nikasema: "Subiri kidogo tu. Nitatoa uamuzi kwenye kikao kijacho."

"Sawa. Huyo mama alipata salamu?"

Nikatafsiri swali. Jaji akasema swali hilo halihusiani na kesi. Nikamtafsiria: "Swali hilo halihusiani na kesi." Nilisikia anapumua, halafu akasema kwa adabu, "Ndiyo, mukubwa," na laini ikakatwa.

Ningeweza kumjibu. Neno moja. Elinipa asingejua, jaji asingeelewa. Mimi ambaye darasani nilichapwa kwa sababu ya kushindwa kunyamaza, siku hiyo nilinyamaza vizuri kabisa.

Bibi aliendelea kutoa kigoda kila siku magharibi, niwepo nisiwepo. Majirani wakaanza kuuliza. Mzee Kibwana wa nyumba ya pili akasema afadhali aitwe shehe asome dua. Bibi akamjibu kwamba dua ni nzuri lakini mgeni anataka kwanza kukaa.

*

Siku ya uamuzi niliwahi. Hewa ya Kisarawe ilikuwa imesimama, majani ya mikorosho hayatikisiki, na Diwani, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na la kusema.

Tukaunganishwa. Karani wa mahakama akaita jina la Apendeki. Laini yake ilikuwa wazi. Nilisikia upepo, na mbali kidogo injini ya gari iliyosimama bila kuzimwa. Yeye hakujibu. Wakili akasema mtandao wa masista ni mbaya, huenda anasikia tu. Jaji akaamua kusoma.

Alisoma muda mrefu. Kiini chake kilikuwa hiki: sheria inaweza kuiruhusu serikali imsubirishe mtu nje, lakini haiwezi kuiruhusu imsubirishe penye hatari, na serikali haiwezi kusema haikujua hatari ambayo haikuuliza. Mtu huyu hakuulizwa kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo kumrudisha ng'ambo hakukuwa halali tangu siku ya kwanza. Aingizwe leo, yeye na mtoto wake.

Nilikuwa natafsiri huku nimesimama. Nilitamani kuruka.

"Mkalimani," akasema jaji, "mwambie kwa maneno mepesi."

Nikasema: "Bi Apendeki, umeshinda. Nenda darajani sasa hivi na karatasi yako. Watakupokea. Wewe na Sifa. Ingieni ndani."

Upepo.

"Bi Apendeki, karibu ndani."

Injini ile ya mbali ikapandishwa moto, ikaondoka, ikafifia.

"Karibu ndani, mama," nikasema mara ya tatu, na hilo la mama jaji hakulisema.

"Mkalimani, amejibu nini?"

Sikuwa na mtu wa kuwa. Nikasema, "Mheshimiwa, hakuna sauti."

Walisubiri kidogo, kisha wakafunga kikao, maana uamuzi ulishatoka na kesi nyingine zilikuwa zinasubiri.

Nilitoka chumbani. Adhana ilikuwa imeshapita, saa ambayo bibi hufunga mlango kwa komeo kwa sababu ya mbu na mengineyo asiyoyataja. Mlango ulikuwa wazi, mbao zote mbili. Kigoda kilikuwa ndani. Bibi alikuwa amekaa mkekani, amekielekea, amejitanda khanga yake ya kuendea harusini.

"Umemkaribisha," akasema bila kunigeukia. "Umechelewa, lakini umemkaribisha."

"Bibi."

"Na wewe una tabia mbaya. Mtu anakupa salamu zangu, hunifikishii? Mama Sifa anasema alinisalimia siku ya jogoo."

Nimejaribu kulipangua hilo kwa kila njia. Jina la Apendeki alilisikia kwangu. Mtoto, kwangu. Sifa, kwangu, muda mfupi uliopita. Lakini salamu ilitoka kwake, ikaingia masikioni mwangu kupitia hedifoni, ikatoka kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sikuitamka popote, hata msalani.

Nikakaa chini hapohapo mlangoni. "Yuko na mtoto?"

Bibi alitazama kigoda kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema.

"Kaja peke yake," akasema. "Anauliza kama mtoto ameshaingia."

*

Nilimpigia Elinipa. Nikamwambia awaulize kule kama mtoto amevuka.

"Hiyo si kazi ya mkalimani."

"Elinipa, nakuomba."

"Mwanamke ameshinda, faili limefungwa. Umeguswa wewe. Nilikuambia."

"Nimeguswa. Uliza."

Akauliza, "Unalia?" Nikamwambia ni mafua. Kwa Elinipa hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisikia nimekosa mzaha, na nadhani ndiyo iliyomfanya aulize.

Siku mbili baadaye alinipigia asubuhi, sauti ya chini. Siku ya uamuzi, kabla kikao hakijaanza, mtoto wa kike alionekana anavuka daraja peke yake, ana karatasi ya mahakama imefungwa kifuani kwa kipande cha kitenge, viatu miguuni. Maafisa walimpokea. Wa mama yake hakuna anayejua. Mtoto hazungumzi na mtu; lugha yao haijui, wala wao ya kwake. Wakili ameomba mkalimani yuleyule.

"Nimpe Kidawa?" akauliza Elinipa.

"Usithubutu."

Nikaenda Kisarawe. Kigoda kilikuwa bado sebuleni, bibi hakutaka kirudi jikoni. Alikuwa anachuchumaa kupikia, magoti yake yale. Nilipita kando yake, nikaingia chumbani, nikavaa hedifoni. Safari hii haikuwa mahakama, ni chumba tu, nikasikia kiti kinavutwa, na pumzi ndogo karibu sana na simu.

Diwani akawika.

Pumzi ikasimama. Halafu sauti nyembamba: "Yaya? Ni weye wa jogoo?"

Nikatafsiri. Masharti yanasema husalimiani na mtu, nami nikaziba mdomo kwa kiganja mpaka zamu yangu ya kutafsiri.

Afisa mmoja, mwanamke, akasema taratibu, na mimi nikawa yeye, nikasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno peke yake: "Sifa. Mama yako yuko wapi?"

Aliyejibu ni bibi, kutoka sebuleni, kwa sauti yake ile ya kuitia watu shambani.

"Yuko huku! Mwambie asilie, mama yake yuko huku, amekaa, tuko naye!"

Nikaziba tena mdomo, nikasikia mtoto anavuta pumzi. Amesikia. Kiswahili amekielewa. Na wale maafisa kule nao wamesikia, kwa sababu kiti kiligongwa na mtu akanong'ona.

"Mkalimani," akasema afisa, "hiyo sauti imesema nini?"

Kila neno linalosikika kwenye laini, liwe la nani. Ndivyo nilivyoapa.

Nikatoa kiganja mdomoni.